Nyundo Ng'ambo ya Soča

Jumamosi, 22 Mei 1915
Kwa miaka thelathini na minane niliwaagiza wanafunzi wa darasa la juu waandike shajara ya msimu wa kuvuna majani ya mifugo, tangu siku ya kwanza ya kufyeka hadi ghala lijae, na niliwachapa waliobuni. Mwaka huu shule imefungwa. Mwalimu aliyeshika nafasi yangu amepelekwa vitani Galisia, pamoja na mwanangu Tone. Basi naandika mimi. Kanuni ni zile zile: tarehe, hali ya hewa, kazi iliyofanyika, wala hakuna kuongeza neno.

Hali ya hewa: mawingu mepesi, upepo wa kusini. Majani ya bondeni yamefika magotini.

Askari polisi wa Kaisari wa Austria wameondoka asubuhi na mikokoteni mitatu. Sajini alinipigia saluti, akasema watarudi baada ya wiki mbili. Sikumwuliza kwa nini basi amebeba hata jiko.

Jumapili, 23 Mei
Pentekoste. Jua kali. Italia imetutangazia vita. Padre ametoa habari hiyo baada ya ibada ya jioni, kisha akatoa na nyingine: kwamba mbuzi wa mtu fulani amekula maua ya makaburini.

Jumatatu, 24 Mei
Saa nne asubuhi jeshi la Kaisari lililipua daraja la mto Soča likiondoka. Vioo vinne vya madirisha yangu vimevunjika. Sasa jeshi hilo limejichimbia upande wa pili wa mto, juu ya kijiji cha Zabreg, ambacho nakiona kutoka dirishani hadi nguo zilizoanikwa uani.

Jirani yangu Jernej Manfreda alikuja kutazama vioo, akaketi bila kukaribishwa. Alikuwa katika darasa langu la kwanza kabisa. Ana miaka hamsini na mitatu, mguu wa kushoto mfupi, ndiyo maana hakuchukuliwa vitani, na ulimi mrefu. Ndiye mwongo mkubwa kuliko wote katika bonde hili. Hadanganyi kwa faida. Anadanganya kama wengine wanavyopiga mluzi.

"Bwana Mwalimu, nimeliona daraja likiruka. Jiwe moja limepita juu ya kanisa, likamwangukia kuku wangu, na moto wake ukamchoma papo hapo. Sikuwa na kazi ila kumnyonyoa."

"Jernej."

"Haya, hakuchomeka."

"Jernej."

"Haya, hakukuwa na kuku." Akatazama dirishani. "Ila Štefan yuko kule."

Štefan ni mdogo wake wa pekee. Alioa Zabreg miaka ishirini iliyopita. Hadi jana kutoka mlango wa mmoja hadi mlango wa mwingine ulikuwa mwendo wa robo saa.

Jumatano, 26 Mei
Mvua. Waitalia wameingia bila risasi hata moja. Wamekaa shuleni.

Luteni wao ameniita. Jina lake Zanin, mwalimu wa Kilatini kutoka Treviso. Nilijifunza Kiitalia nikiwa chuo cha ualimu, nami sijakisikia kikisemwa kwa usafi kama huu kwa miaka mingi. Kila kitenzi kiko mahali pake. Ananiita "profesa". Ameniomba niwe mkalimani.

"Tumekuja kuwakomboa," alisema.

"Kutoka kwa nani?"

"Kutoka kwa Austria. Mtakuwa nyumbani."

Nilimjibu kwamba niko nyumbani tangu mwaka 1844. Alicheka kwa adabu, akaniandalia kiti mwenyewe. Ni mtu aliyelelewa vizuri. Nilirudi nikiwa na moyo mwepesi kuliko nilivyokwenda, na nakiri hivyo kwa sababu ni kweli.

Ijumaa, 28 Mei
Mawingu. Padre na mkuu wa kijiji wamepelekwa Italia. Padre hakuruhusiwa kurudi kuchukua miwani.

Jumanne, 1 Juni
Jua. Amri zimebandikwa kwenye mlango wa kanisa, nimezitafsiri mimi. Hairuhusiwi kupiga kengele. Hairuhusiwi kuwasha taa upande wa mto, wala kufuga njiwa, wala kuanika mashuka meupe, wala kuwasha moto milimani. Luteni aliniuliza kama kuna jingine watu wa hapa hutumia kupashana habari. Nilifikiri vizuri, nikamjibu kwamba hakuna.

Jumamosi, 5 Juni
Jua. Miongoni mwa askari wao yumo koplo mmoja, Birtič, anayesema lugha yetu. Kwao ni milimani nyuma yetu, mwendo wa siku moja, upande ambao umekuwa wa mfalme wa Italia tangu alipozaliwa baba yake. Anasema huku akila, na anachanganya mambo. Leo alisimama uani kwa Jernej akila ugali wa mahindi na jibini aliopewa na Lucija, mke wa Jernej.

"Babu yangu alikuwa wa Kaisari," alisema Birtič, "baba yangu wa mfalme. Ng'ombe walikuwa wale wale."

"Kwetu Kaisari amechukua wanangu wawili," Jernej akamjibu, "na mfalme wako amechukua farasi. Namngoja wa tatu aje achukue kunguni."

"Kunguni tunao wetu, mzee. Hatuna nafasi."

Walicheka hadi Lucija akatoka na ufagio. Mimi sikuona cha kuchekesha. Mkwe wangu Katra, mke wa Tone, alicheka pia. Nilimsikia nyuma ya ukuta.

Jumamosi, 12 Juni
Jua, upepo mkavu. Majani yako tayari. Jernej ameanza kugonga mafyekeo kwa nyundo ili kuyatia makali.

Wanaume hawapo, basi wanawake wa kijiji kizima wamemletea yeye. Ameketi uani, miguu ameinyoosha huku na huku ya gogo lenye fuawe ndogo, analaza makali juu ya chuma, anagonga kidogo kidogo kutoka kisigino cha fyekeo hadi ncha, hadi ukingo uwe mwembamba kama karatasi. Kinoo kinakuja baadaye, shambani. Fyekeo lisilogongwa huyalaza majani bila kuyakata.

Kila nyumba ina mapigo yake, ambayo baba humrithisha mwana. Mapigo ya akina Manfreda ni matatu ya haraka, kisha moja pekee.

Jumapili, 13 Juni
Jua. Hakuna kazi.

Jumatatu, 14 Juni
Jua. Asubuhi Jernej aligonga kama kawaida. Nilikuwa nikinyoa ndevu. Aliponyamaza ili kugeuza fyekeo, ikasikika nyundo nyingine, mbali, ng'ambo ya mto: tatu za haraka, kisha moja.

Nilitoka na povu usoni. Jernej alikuwa ameinua nyundo hewani hajaishusha. Lucija alisimama mlangoni.

"Ni yeye," alisema Jernej. "Yule punda. Bado anaangusha ya nne kama mtu anayejikwaa."

Akagonga. Ng'ambo kukajibiwa. Hakusema uongo wowote asubuhi nzima.

Jumanne, 15 Juni
Sikukuu ya Mtakatifu Vid. Jua. Tumeanza kufyeka. Katra aliingia shambani saa kumi na moja alfajiri, akakata hadi saa nne. Anashika mpini kama mwanaume na hasemi neno. Nilifuata nyuma na reki. Fyekeo lilikuwa kali ajabu. Nilimwambia Jernej hivyo, naye akaniuliza kama nina homa.

Alhamisi, 17 Juni
Jua. Kila asubuhi nyundo mbili, hapa na Zabreg. Katra aliniambia:

"Baba, mwambie apunguze. Hawa watu hawajui majani. Watadhani nini?"

Nilimwambia kwamba nimezitafsiri amri neno kwa neno na nyundo haimo. Kisichokatazwa kimeruhusiwa.

Ijumaa, 18 Juni
Jua. Mikokoteni miwili ya majani ghalani.

Jumanne, 22 Juni
Mawingu kuanzia saa sita. Asubuhi, muda mfupi baada ya nyundo kunyamaza, mizinga ya Kaisari ilifyatua kutoka juu ya Zabreg. Kombora la tatu liliangukia jiko la Waitalia nyuma ya shule, askari wakiwa wamepanga mstari kungoja kahawa. Wamekufa tisa. Niliona wakibebwa. Mmoja alikuwa bado na kikombe kidoleni.

Jumatano, 23 Juni
Mvua nyepesi. Naandika haya alasiri, mara tu baada ya kurudi, ili nisisahau mpangilio.

Saa mbili asubuhi walimchukua Jernej uani, nyundo mkononi. Saa tatu nikaitwa. Luteni Zanin alikuwa ameketi kwenye meza yangu ya zamani. Hakuwa amelala, macho yalikuwa mekundu, lakini kola ilikuwa safi. Jernej alisimama kati ya askari wawili, mahali pale pale aliposimama mara nyingi utotoni. Koplo Birtič alikuwa mlangoni.

"Profesa," alisema luteni, "mwambie asiogope. Kwa zaidi ya wiki moja askari wangu wameisikia nyundo yake ikijibiwa kutoka upande wa adui. Jana wamekufa vijana tisa. Nataka kujua nyundo inasema nini. Nataka kweli tu."

Nilimfasiria Jernej. Akanitazama, akatazama luteni, akajikuna.

"Mwambie nagonga ili nisimsikie Lucija akikoroma."

Sikulifasiri hilo. Lazima nieleze hapa jambo moja. Jernej alipokuwa na miaka kumi nilimchapa kwa ajili ya uongo hadi fimbo ikavunjika, wala hakuacha. Ndipo tukapatana: akiwa nje aseme apendavyo, lakini mimi nikimwambia "sema kweli", atasema kweli. Hajawahi kulivunja patano hilo. Na mimi nilimwamini yule luteni. Niliamini kwamba mtu anayesema vizuri namna ile anafikiri vizuri, na kwamba mtu anayefikiri vizuri akipewa kweli nzima, si nusu, ataitambua.

"Jernej," nilimwambia, "huyu ni mtu msomi. Usimchezee. Sema kweli."

"Kweli ya kweli?"

"Yote."

Birtič alikohoa mlangoni. Akakohoa tena, kwa nguvu. Nilimtupia jicho la kumkemea, kama ninavyowatazama wanaokohoa kanisani.

Basi Jernej akasema. Alieleza kwamba walipokuwa watoto, yeye na Štefan, baba yao alikuwa akimpeleka mmoja kufyeka mteremko wa huku na mwingine mteremko wa kule. Sauti ya mtu haivuki bonde, lakini chuma kinavuka. Wakajitungia alama. Mbili mbili ni chakula kiko tayari. Moja moja, polepole, ni mvua inakuja, kusanya. Na mapigo ya nyumba yenyewe, tatu na moja, ni "nipo".

"Na sasa?" luteni aliuliza kupitia kwangu.

"Sasa nipo tu. Kila asubuhi namwambia nipo, naye ananiambia yupo. Basi. Mwambie bwana mkubwa mimi sijui mizinga iko wapi. Hata mbuzi wangu sijui yuko wapi. Ndiye aliyekula maua ya makaburini, hilo nalo aandike, maana nimeambiwa kweli yote."

Nilifasiri yote. Sikuacha neno, sikuongeza neno. Hata la mbuzi nililisema. Luteni aliandika bila kuinua kichwa.

"Kwa hiyo kuna alama," alisema.

"Za majani na mvua, bwana luteni."

"Kuna alama. Na upande wa adui kuna mtu anayezijua na kuzijibu."

"Ni ndugu yake wa tumbo moja."

"Ndugu yake aliye upande wa adui. Naye mshtakiwa anakiri kwamba amewasiliana naye kila siku, hadi saa ile ya shambulio."

Nilitafuta kosa katika maneno yake. Nimetumia maisha yangu yote kutafuta makosa katika maneno ya watu. Hapakuwa na kosa. Kila sentensi ilikuwa sahihi, na zote pamoja zilikuwa uongo, nami sikujua niweke kidole wapi.

Nilimweleza mambo ya mafyekeo. Nilimweleza kwamba kila nyumba ina mapigo yake, kwamba bonde zima hugonga wakati huu wa mwaka. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Tarehe mosi Juni nilikuuliza, profesa, kama kuna njia nyingine ya kupashana habari. Uliniambia hakuna."

"Anasemaje?" Jernej aliuliza.

"Anaandika."

"Mwandiko mzuri?"

"Mzuri."

"Basi si mtu mbaya. Ndivyo ulivyotufundisha."

Nikapewa kumbukumbu ya mahojiano niihakiki. Niliisoma mara mbili. Jina Manfreda lilikuwa limeandikwa vibaya mahali pawili, nilisahihisha. Kisha nikatia sahihi kwamba tafsiri ni kamili na ya haki, kwa sababu ilikuwa kamili.

Nje Birtič alinifuata hadi kisimani.

"Mzee, kwa nini hukusema tu ananoa? Ananoa, basi. Yule bwana ni mtu wa mjini, hajui hata ng'ombe ana matiti mangapi. Mimi ningenyamaza. Kwetu nasi tunagonga. Mama yangu anajua nyundo ya kila nyumba."

"Aliulizwa kweli."

"Aliulizwa na jeshi," alisema Birtič, akaenda zake.

Alhamisi, 24 Juni
Mvua. Saa moja asubuhi walimpakia Jernej kwenye lori, mikono imefungwa mbele. Anapelekwa Čedad, mji ulio nyuma ya milima, wanakokaa majenerali wao na mahakama ya kijeshi. Lucija alikimbia nyuma na koti.

"Narudi Jumapili," Jernej alimwambia. "Wamenialika nikawafundishe kugonga. Mfalme mwenyewe atakuja na fyekeo lake."

"Vaa koti," alisema Lucija.

Askari mmoja alimwekea mabegani. Jernej alinitafuta kwa macho, akanikonyeza.

Ijumaa, 25 Juni
Mvua. Amri mpya: hairuhusiwi kupiga chuma juu ya chuma. Nimeitafsiri. Saa kumi na mbili asubuhi, Zabreg: tatu na moja. Kisha kimya kirefu. Kisha tena tatu na moja.

Jumamosi, 26 Juni
Mvua. Zabreg: tatu na moja, mara nne.

Jumapili, 27 Juni
Mawingu. Hata leo, siku ya Bwana, Štefan amegonga. Katra alifunga dirisha. Lucija ameketi uani mbele ya fuawe, mikono magotini.

Jumatatu, 28 Juni
Mvua asubuhi, jua saa nne, mvua tena saa sita. Wanawake wameingia mashambani na mafyekeo butu. Majani yanalala tu. Wengine wanatumia mundu na kukata konzi baada ya konzi. Katra alirudi viganja vimepasuka.

"Mpe yule koplo mafyekeo," nilimwambia. "Anajua kugonga."

"Amekatazwa kama sisi, Baba. Wewe ndiye uliyetusomea."

Jumatano, 30 Juni
Mvua. Nimemaliza ombi kwa mahakama ya Čedad, kurasa nne. Nimeeleza desturi ya mafyekeo tangu mwanzo, mguu wa Jernej, wanawe wawili walioko vitani. Sijawahi kuandika Kiitalia bora kuliko hiki. Luteni Zanin alilisoma akiwa amesimama.

"Zuri mno," alisema. "Natamani wanafunzi wangu wangeandika hivi."

Ameahidi kulipeleka leo leo.

Alhamisi, 1 Julai
Mvua. Zabreg: tatu na moja.

Ijumaa, 2 Julai
Mvua. Zabreg: tatu na moja.

Jumapili, 4 Julai
Jua la ghafla. Zabreg kimya. Nguo uani hazipo. Huenda Kaisari amewahamisha wakazi wote. Huenda.

Jumanne, 6 Julai
Joto, radi za mbali, ila si radi, ni mizinga. Birtič alikuja zizini nilikokuwa nikimnywesha ng'ombe. Hakuwa akila kitu.

"Mwalimu," alisema. Hajawahi kuniita hivyo. "Yule mzee wako. Walimmaliza siku ya Mtakatifu Petro."

Siku ya Mtakatifu Petro ni tarehe 29. Ombi langu lina tarehe 30.

Nilikwenda kwa luteni. Alikuwa anajua tangu juzi. Alisimama nilipoingia, akaniandalia kiti, nami nikakaa, Mungu anisamehe, kwa sababu ya mazoea.

"Nasikitika, profesa. Nasema kwa moyo. Lakini sikuwa na la kufanya."

"Ungeweza kuandika kwamba humwamini kuwa mpelelezi."

"Siko hapa kuandika ninachoamini. Na mahakama haikuniuliza." Akapanga karatasi zake. "Kumbukumbu ilikuwa wazi mno. Wengine huletwa na makaratasi yasiyosomeka, tafsiri za ovyo, majina yamechanganywa. Basi majaji huahirisha, huita mashahidi, mwezi unapita. Hii waliisoma kwa dakika kumi."

Nilitoka.

Jumatano, 7 Julai
Nimemwambia Lucija. Alikuwa akichuja maziwa. Aliendelea hadi yakaisha.

Alhamisi, 8 Julai
Jua.

Jumapili, 11 Julai
Jua. Hakuna padre wa kumwombea misa. Wanawake walisali rozari uani kwa Lucija. Birtič alisimama nje ya uzio, kofia mkononi. Mimi nilisimama upande wangu wa ukuta. Hakuna aliyenikataza kuingia.

Jumatano, 14 Julai
Mvua kubwa. Yaliyokatwa yanaoza mashambani. Katra ameuliza, bila kunitazama, kama nikiulizwa na jeshi habari za Tone, mimi nitajibu nini. Nilimwambia sijui.

"Jifunze, Baba," alisema.

Jumapili, 18 Julai
Mizinga tangu alfajiri, pande zote mbili, bila kukoma. Vioo vilivyobaki vimekwisha. Siwezi kusema hali ya hewa, moshi.

Alhamisi, 22 Julai
Moshi.

Jumapili, 25 Julai
Luteni Zanin ameuawa mlimani jana. Birtič aliniletea kamusi yake ya Kilatini, akidhani nitaipenda. Nilimwambia aiweke mezani. Iko pale. Sikumchukia mtu huyu, na hilo ndilo linaloniogopesha zaidi. Mwezi Mei nilimwona bora kuliko watu wangu wote.

Jumatatu, 2 Agosti
Jua safi, upepo mkavu. Siku ya majani kama ilivyopaswa kuwa. Amri: kijiji chote kihame kesho, kipelekwe ndani ya Italia, kwa usalama. Kila mtu abebe anachoweza kubeba. Ng'ombe wabaki. Walinitaka nitafsiri. Nilisema sauti imenikauka, wakampa Birtič kazi hiyo. Aliifanya kwa maneno sita, na kila mtu alielewa.

Msimu umekwisha. Ghala limejaa theluthi moja.

Jumanne, 3 Agosti
Jua. Malori saba. Naandika haya Čedad, kwenye ghala la stesheni, juu ya goti.

Katra alipakiwa lori la mbele pamoja na wenye nguvu. Mimi niliwekwa la mwisho, la wazee, na benchi lilikuwa limejaa, nikasimama; pale mwisho wake alikuwa Lucija na furushi lake kando yake. Hakuwa amesema nami tangu siku ile ya maziwa. Tulipopita kona ya mwisho na kanisa likapotea, alisema bila kugeuka:

"Mwalimu, nikuulize neno."

"Uliza, Lucija."

"Siku aliyonichumbia aliniambia ana ng'ombe watano. Alikuwa na mbuzi. Alimdanganya padre hadi kwenye kitubio. Najua, kwa sababu alinisimulia. Aliwadanganya polisi, aliwadanganya watu wa kodi, wanawe aliwadanganya kila walipoumwa, akawaambia wamepona. Miaka thelathini nimekaa na mtu huyu. Siku ile moja tu ambayo uongo ulikuwa na kazi ya kufanya, alikosaje?"

Wazee wengine walitazama sakafu ya lori. Ningeweza kusema alichanganyikiwa. Ningeweza kusema alitishwa. Maneno yote mawili yalikuwa tayari mdomoni.

"Nilimwambia aseme kweli," nilisema.

"Wewe."

"Mimi."

"Naye akakutii."

"Akanitii."

Lori liliruka juu ya shimo, tukashika mbao. Lucija akalivuta furushi lake, akaliweka miguuni pake, na mahali lilipokuwa pakabaki wazi kwenye benchi.

"Kaa, Mwalimu," alisema. "Njia ni ndefu."

Nilisimama hadi Čedad.